Presha Yangu Kwenye Ukuta wa Kanisa

Nilibonyeza Ndiyo. Hakuna aliyenishika mkono. Simu iliniuliza swali refu la Kiingereza, na kwa kuwa cheti changu cha kidato cha nne kiko ndani ya sanduku hadi leo, siwezi kusingizia kwamba sikujua kusoma. Ulikuwa uvivu. Nilikuwa na maharagwe motoni, na nilishajifunza kwamba ukiiambia simu Hapana inakuuliza tena kwa njia nyingine, lakini ukiiambia Ndiyo inanyamaza. Nikabonyeza ya kwanza, nikabonyeza ya pili, nikabonyeza na ile ya mwisho yenye maandishi madogo ya kuumiza macho, simu ikanyamaza, nikarudi kwa maharagwe yangu. Hivyo ndivyo nilivyowapa akina mama wa kanisa letu ruhusa ya kuona mapigo ya moyo wangu, presha yangu, usingizi wangu na hatua zangu, kila siku ya Mungu, mpaka nife au bando iishe.

Vifaa vyenyewe vilitoka kwa binti yangu aliye Nairobi. Nilimtajia kizunguzungu, tena kwa kupita tu, jinsi mtu anavyotaja mvua, naye akaanza kupiga simu kila asubuhi kuuliza kama nimeenda kliniki, mpaka nikaenda ili nipate kupumzika. Kliniki wakasema presha, wakanipa vidonge. Binti yangu hakutosheka. Ni mmoja wa hawa watoto wanaoamini kila ugonjwa una chaja yake. Akanitumia kwa basi kifurushi chenye saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo, na mashine ya presha yenye kile kitambaa kinachojaa hewa na kukukaba mkono kama askari wa kaunti aliyekukuta unauza ndizi barabarani. Ukishapima, mashine inaongea na simu yenyewe, bila waya na bila kukuuliza. Sijawahi kuwa na kitu ndani ya nyumba hii kinachofanya kazi bila kusukumwa. Nilijivunia.

Wakati huohuo watu wa mradi mmoja wa afya walikuwa wamekuja kanisani kwetu, hapa Nyamasaria, wakatuwekea sisi akina mama programu kwenye simu. Kila mmoja aingize presha yake asubuhi, na majina yetu yajipange kwenye ukurasa mmoja ambao wote tunauona: kijani ukiwa mzima, manjano ukianza kuharibika, nyekundu ukiwa wa kuombewa. Wenzangu walikuwa wakiandika namba zao kwa vidole. Mimi, kwa ujuaji, nikaiunganisha programu hiyo na vifaa vya binti yangu, na hapo ndipo lile swali refu lilipotokea na maharagwe yakaita.

Kesho yake ukurasa ulikuwa kijani kibichi kama mpunga wa Ahero, isipokuwa mahali pamoja katikati ambapo palikuwa na nyanya. Nyanya ilikuwa mimi.

Inabidi nieleze kwa nini jambo hili liliniuma, maana presha yenyewe haiumi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Soko la Kibuye linanitisha, harusi zinanichosha, na tangu saa ya binti yangu ianze kuhesabu hatua nimegundua kwamba kuna siku safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kumfukuza kuku sebuleni. Lakini pakitokea matanga, natoka. Kundi letu la akina mama ndilo linalopika kwenye matanga, na watu wa huku wakifiwa hawalishi waombolezaji peke yao. Wanalisha ukoo, wanalisha kijiji, wanalisha na mpita njia aliyesikia harufu. Tunafika alfajiri na masufuria yetu, tunateka uwanja wa nyuma ya nyumba, na mpaka marehemu azikwe wanaume wako mbele na vipaza sauti vyao, sisi tuko nyuma na moshi wetu.

Katika kazi hiyo kuna sheria moja isiyovunjwa. Chumvi inashikwa na mtu mmoja. Kuni zina watu wake, maji yana watu wake, na ugali unageuzwa na yeyote mwenye mgongo, lakini pakiti za chumvi zinakaa ndani ya leso iliyofungwa kiunoni mwa mwanamke mmoja tu, na hakuna mkono mwingine unaotia hata punje. Wakishatia wawili, hakuna anayejua mwenzake alitia kiasi gani, na chakula cha mamia ya watu kimekwenda. Aliyekuwa akishika chumvi zamani ni mama mkwe wangu. Nguvu zilipomwisha aliifungua ile leso mbele ya wenzake akanifunga mimi, bila hotuba. Nilizaliwa Bondo nikaolewa huku, kwa hiyo wananiita Nyar Bondo, binti wa Bondo, na kwa miaka mingi ukilisikia jina hilo kwenye matanga ujue kuna sufuria inachemka na inataka chumvi. Nilipokuwa nikionja mchuzi, mwanamke yeyote aliyekuwa akiongea alinyamaza. Nyumbani kwangu hata kuku hawaninyamazii.

Sasa mwenyekiti wetu. Mwenyekiti ni mwanamke wa sauti, anayeweza kufungua mkutano kwa maombi na kuwasema watu ndani ya maombi hayohayo. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameoa karibuni, na Mwenyekiti alikuwa anamtafutia huyo mke wa mwanawe mahali pa kuonekana. Nafasi ya kuni haionekani. Nafasi ya maji haionekani. Nadhani mnaona macho yake yalikoelekea.

Siku hiyo matanga yalikuwa Nyalenda, ya mzee mmoja fundi wa viatu. Nilikuwa nimeshainama kwenye sufuria ya kwanza, leso kiunoni, Mwenyekiti akaja na simu mkononi. Akawaambia akina mama wasimame kidogo. Kisha akasoma presha yangu ya asubuhi, namba ya juu na namba ya chini, kwa ile sauti ya kusomea zaburi. Akasema kundi hili ni la upendo, na upendo hauwezi kumwacha dada yetu afe juu ya moto wa wenyewe. Halafu akacheka kidogo na wengine wakacheka naye, akasema, "Hebu niambieni, mwenye presha atashikaje chumvi? Hiyo si ni kama kumpa mlevi ufunguo wa baa?"

Nilitaka kumjibu kwamba mimi naitia chumvi, siilambi. Jibu hilo lilinijia siku ya pili yake, nikiwa naosha vyombo.

Yeye mwenyewe alinifungua leso. Alikuwa na vidole vya upole kabisa. Akamfunga mke wa mwanawe, msichana mwembamba ambaye leso ilimzunguka mara mbili, kisha akaagiza niletewe kiti cha plastiki, niwekwe mbele chini ya hema pamoja na wageni, nipewe soda. Nikakaa. Kutoka pale nilikuwa naona moshi wa jiko letu ukipanda nyuma ya nyumba, na nilijua kwa rangi yake tu kwamba wamebandika nyama mapema mno.

Na ile saa ilikuwa mkononi mwangu. Hilo ndilo nililosahau. Mimi nimekaa kimya, uso nimeutuliza, nimefumbata chupa ya soda kama mtoto wa shule ya Jumapili, lakini moyo ulikuwa unapiga kwa hasira, saa inahesabu, inatuma, na ukurasa unapokea. Baada ya muda Mwenyekiti alipita na wenzake wawili wakibeba sahani za wageni, akaitazama simu yake, akasimama. Akawaonyesha. "Mnaona? Na amekaa tu."

Watu wengi wametukanwa mbele za watu. Lakini mtu huwa anabaki na hasira yake, anaificha kifuani, anaipeleka nyumbani aipike polepole. Mimi hata hasira yangu ilichukuliwa ikatangazwa, tena ikawa ushahidi dhidi yangu. Kadiri nilivyozidi kukasirika ndivyo nilivyozidi kustahili kiti.

Baada ya hapo nikawa kitabu cha kusomwa na wote. Mmoja angenikuta kwenye bomba la maji aniulize kwa nini nimelala vibaya. Mwingine, mjane kama mimi, alitaka kujua kwa utani moyo wangu ulikimbilia nini jana jioni, na nilipomwambia nilikuwa nabeba debe la maji akasema kila mtu ana debe lake. Pasta aliniombea kwa kutaja namba. Binti yangu alinieleza kwa simu mahali pa kuzima ruhusa hiyo, hatua kwa hatua, kwa upole wa mtu anayemfundisha mzazi. Sikuizima. Ningeizima, Mwenyekiti angesema hali imekuwa mbaya mpaka naficha, na tena, kusema kweli, kufikia wakati huo nilishaanza kufikiria mambo mengine.

Mambo hayo nilimweleza jirani yangu peke yake. Jirani ni mama mmoja aliyetoka upande wa Kakamega, anayefuga bata ng'ambo ya ua wa michongoma. Yeye si wa kanisa letu, Dholuo, Kijaluo chetu, anakisikia nusu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili chetu cha uani, yeye akiwamwagia bata chakula na mimi nikiwa nimeegemea upande wangu. Nilimwambia nataka Mwenyekiti asimame mbele za watu, asomwe kama nilivyosomwa, kisha akalishwe kitini. Nilimwambia kwamba nikiosha sufuria ninamwosha yeye. Jirani akaniuliza kama nimekunywa dawa ya asubuhi.

Kisasi changu cha kwanza kilikuja chenyewe mlangoni. Yule mke wa mwanawe alinitembelea, akiwa amejifunika kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kwa mganga. Alikuwa na heshima zake zote. Aliniita Mama, akapiga goti kidogo, akasema chumvi inamshinda. Kule Nyalenda nyama ilitoka chapwa, watu walikula kwa adabu tu. Alitaka nimfundishe, ila mama mkwe wake asijue. Nikamkaribisha chai. Nikamwambia siri ni kutia yote mwanzoni, maji yakiwa bado mengi, na kuonja hapohapo mpaka iwe tamu ulimini, kisha kuacha moto ufanye kazi yake.

Aliyewahi kupika mchuzi anajua nilichomfanyia. Maji yanapungua, chumvi haiendi popote.

Alishukuru sana. Katika kushukuru akafungua mdomo zaidi ya alivyokusudia. Nilimuuliza tu, kama mtu anayejaza mazungumzo, mashine ya kundi inaendeleaje, ile ambayo mradi ulituachia na Mwenyekiti akaiweka kwake ili akina mama waende kupimwa. Msichana akasema mashine ipo kabatini, lakini betri zake zilitolewa zamani zikawekwa kwenye redio ya baba mkwe. Nikamwongezea chai.

Alipoondoka niliufungua ule ukurasa nikautazama kwa macho mapya. Mia na ishirini kwa themanini. Mia na ishirini kwa themanini. Kundi zima, vijana kwa wazee, wanene kwa wembamba, kila asubuhi namba ileile, kama sare ya shule. Mwenyekiti naye mia na ishirini kwa themanini, hata siku aliyokuwa safarini. Hakuna aliyekuwa amepimwa. Walikuwa wamesikia nesi akitaja namba hiyo kuwa nzuri, wakaichukua, wakagawana. Katika kundi lote mgonjwa nilikuwa mmoja, kwa sababu mwenye mashine inayosema kweli nilikuwa mmoja. Nilicheka mpaka saa ikanitumia onyo.

Matanga yaliyofuata yalikuwa hapahapa Nyamasaria, na nilienda mapema kuwahi kiti changu. Nyama ilipokuja, nilimwona mwombolezaji wa kwanza akitafuna, akasimama kutafuna, akatazama sahani. Mtungi wa maji ukaanza kuzunguka. Wazee wakaomba maji, watoto wakaomba maji, mhubiri aliomba maji katikati ya neno. Wanawake wakaanza kunong'ona, na wawili watatu wakanitazama kwa jicho la kunitamani. Nilikula polepole, nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni ya msiba.

Lakini Mwenyekiti si mtu wa kushindwa hadharani. Alitoka jikoni na sahani imejaa, akasimama palepale katikati ya hema, akala. Akamsifu mke wa mwanawe kwa sauti. Akaongeza sahani ya pili, akamimina na mchuzi, akaunywa mchuzi wenyewe, machozi yakimlenga. Alikula chumvi ile yote kwa ajili ya msichana yule, na kama angekuwa mtu mwingine ningemheshimu.

Haikuwa imepita muda mrefu, watu wa mradi wakatangaza wanakuja kutuona. Ukurasa wetu uliwafurahisha. Walitaka kutupongeza mbele ya vikundi vingine, na Mwenyekiti akaandaa kila kitu: keki, nyimbo, viti vya wageni, na shuka jeupe ukutani mwa kanisa ili bwana wa mradi aurushe ule ukurasa kwa projekta, majina yetu yasomeke makubwa. Nilivaa nguo yangu ya Pasaka. Ndani ya mkoba niliweka mashine ya presha, nikaipangusa kwanza kwa kitambaa kama mtu anayenoa kisu.

Kanisa lilijaa. Ule ukurasa ulikaa ukutani, kijani kutoka juu mpaka chini, na mimi katikati. Bwana wa mradi alisifu nidhamu yetu. Mwenyekiti akasimama kujibu, akamshukuru Mungu, akasema akina mama hawa wameitunza miili yao kwa maombi na mboga za majani, na kwamba tuna dada mmoja tu ambaye bado tunampigania. Kila mtu akajua kwa kutazama ukuta.

Nikainua mkono. Mimi siongei mikutanoni, kwa hiyo watu waligeuza viti kunitazama. Nilisema kwa sauti ya utulivu kwamba mimi ndiye huyo dada, na ningependa kujifunza. Nikasema nimekuja na mashine yangu, na ningeomba Mwenyekiti, ambaye ni mama yetu sote, apimwe hapa mbele, ili sisi wagonjwa tuone mtu mzima alivyo. Wageni wakapiga makofi. Bwana wa mradi akasema ni wazo zuri sana.

Mwenyekiti alinitazama. Alielewa. Lakini shangwe lilikuwa limeshaanza, akaketi, akakunja mkono wa gauni. Nikamfunga kitambaa mwenyewe. Nilikuwa na vidole vya upole kabisa.

Mashine ikavuma, ikamkaba, ikamwachia polepole. Wote tukageukia ukuta kungoja. Ukuta ukatulia, kisha ukageuka, na namba ikatokea: mia mbili na zaidi, nyekundu iliyoiva mpaka ikawa kama damu ya ng'ombe. Na mbele ya namba hiyo palikuwa na jina langu.

Hapo ndipo nilipoiona akili ya kidato cha nne inapoishia. Mashine ilikuwa imeunganishwa na simu yangu. Hata ingempima gavana, ingeandika ni mimi. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuelewa, na sauti yake ikarudi yote. Akasimama na kitambaa bado kinaning'inia mkononi, akauonyesha ukuta. "Mashine inamjua mwenyewe," akasema. "Nyar Bondo, mama, kaa chini. Unazidiwa."

Watu waliokuwa wamemwona kwa macho yao akipimwa wakaniangalia mimi kwa huruma. Mtu akaniletea maji. Simu yangu ikaanza kulia mkobani, ni binti yangu Nairobi, ameiona ile namba kwenye simu yake, na niliiacha ilie. Ningeweza kukaa. Kama lengo langu lilikuwa kumchekesha mtu, tayari kanisa zima lilikuwa linatabasamu. Lakini nilikuwa nimeshaikalia hasira ile kwenye viti vingi vya plastiki.

Kulikuwa na nesi aliyekuja na wageni, mwanamke mtu mzima, na kwenye mfuko wake mashine ile ya zamani ya kupampu kwa mkono, isiyojua simu ya mtu. Nikamwambia nesi ampime tena. Mwenyekiti akasema haina haja, wakati wa keki umefika. Nikasema, "Apimwe tena. Kama ni mia na ishirini nitatangaza hapa kwamba mimi ni mwongo, na chumvi sitaigusa mpaka nizikwe." Hakuna aliyewahi kunisikia nikiongea hivyo, hata mimi.

Nesi alipampu, akasikiliza, akapampu upya, akasikiliza tena mkono wa pili. Hakutaja namba. Alivuta kiti akaketi mbele ya Mwenyekiti, magoti kwa magoti, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kichwa kinakuuma tangu lini?"

Na Mwenyekiti, bila sauti yake ya uenyekiti, akajibu kwamba ni tangu yale matanga ya mwisho.

Walimpeleka hospitali kwa gari la mradi. Keki ilibaki haijakatwa. Mimi nilirudi nyumbani nikakaanga samaki mzima wa ngege, nikamtia chumvi kiasi chake hasa, nikamla peke yangu kwa mikono miwili. Sitasema uongo: alikuwa mtamu. Kama kuna sehemu ya kifua changu iliyokuwa inauliza kuhusu zile sahani mbili za Mwenyekiti na lile somo nililompa msichana, sehemu hiyo niliipa mkia wa samaki inyamaze.

Nilingoja. Nilihesabu kwamba Mwenyekiti amevuliwa nguo mbele za watu, kwamba kundi litarudi kwangu na leso mikononi, na nilikuwa hata nimepanga nitakavyokataa mara ya kwanza ili nibembelezwe.

Mwenyekiti alirudi kutoka hospitali akiwa amepungua kidogo na ana mfuko wa dawa. Matanga ya kwanza baada ya hapo alikuja, akaomba kipaza sauti cha wanaume. Akasema daktari amemwambia angechelewa kidogo tu tungekuwa tunapika kwenye matanga yake. Akasema yuko hai kwa sababu ya mwanamke mmoja, ambaye alimwona anakufa wakati yeye mwenyewe hakujiona, akasimama kanisani kwa upendo, akadhihakiwa, hakukaa chini. Akanifuata hadi nilipokuwa akanikumbatia huku analia, na watu wakaimba. Ningesema nini? Nilijipapasa moyoni nitafute huo upendo, nisije nikawa nimeusahau mahali. Sikuona kitu. Nikamkumbatia.

Kisha akatangaza uamuzi. Kwa kuwa Nyar Bondo amemwokoa yeye, naye atamwokoa Nyar Bondo. Wenye presha hawatakaribia moto tena, hakuna upendeleo, mwenyekiti mwenyewe akiwa wa kwanza. Chumvi itabaki kwa vijana.

Vikaletwa viti viwili.

Tangu hapo ndivyo tunavyokaa, matanga baada ya matanga, bega kwa bega chini ya hema, chai yetu haina sukari. Kila mgeni anayepita anasimuliwa jinsi nilivyomwokoa, kuanzia projekta. Amenunua saa kama yangu, akabonyeza Ndiyo zote, na asubuhi kabla sijawasha moto ananipigia kuniambia amekwisha kuona nilivyolala. Na mke wa mwanawe amejifunza. Siku hizi anatia kidogo, anangoja, anaonja mwishoni, kama nilivyokuwa nikifanya. Juzi niliitafuta kasoro ya nyama yake mpaka ndani ya mfupa, nikanyonya na uboho, sikuiona. Mwenyekiti akanishika goti akaniuliza kwa nini mapigo yangu yamepanda.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja uani, nikamwaga yote kwa jirani: kwamba nimeibiwa chumvi mara mbili, kwamba yule mwanamke ananishukuru kama anayenipiga, kwamba nimeanza kutafuta njia nyingine. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachagua mawe kwenye chakula cha bata, na hakuinua kichwa.

"Wewe ulitaka atoke jikoni," akasema. "Si ametoka? Sasa kaa naye huko, na uache kupigia bata zangu kelele."